Kupanda Lushoto kwa Pikapu: Tairi Kubwa Si Nguvu

Msafiri anayetoka Tanga au Dar es Salaam kwenda Moshi, akiisha kupita Korogwe, huiona milima ya Usambara mkono wake wa kuume. Imesimama kama ukuta, na asubuhi vilele vyake hufunikwa na mawingu. Chini ya ukuta huo uko mji mdogo wa Mombo. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905, na tangu siku hizo Mombo imekuwa mlango wa Usambara. Anayekwenda Soni, Vuga, Bumbuli, Lushoto, Mlalo au Mtae, wengi wao hupita hapo.

Joto la Mombo ni kali. Bondeni kuna mkonge na vumbi, na wachuuzi hukaa vivulini wakiuza maji na machungwa. Lakini mwendo wa saa moja tu juu yake watu huvaa sweta mchana. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi. Mombo iko kwenye mita 400 na ushei juu ya usawa wa bahari, na Lushoto iko karibu mita 1,400. Basi, kila kitu kinachokwenda Lushoto, awe mtu, mfuko wa simenti au chupa ya dawa, sharti kiinuliwe karibu mita 1,000 kwenda juu.

Jambo hili si dogo. Pikapu yenye mzigo ikiwa na uzito wa tani 2 na nusu, lita mbili na zaidi za dizeli huishia katika kazi ya kuinua peke yake, kabla hujahesabu upepo, kona na msuguano wa barabara. Ndiyo maana mtu akitaka kujua tabia ya gari, asilitazame likiwa limesimama stendi limeoshwa. Alipande mpaka Lushoto.

PIKAPU MBILI ZA NAMNA MOJA

Sisi tulipanda katika pikapu ya zahanati moja ya milimani. Mbele alikaa dereva, mtu wa makamo, pamoja na Sista muuguzi aliyekuwa ameshuka kuchukua dawa. Nyuma yalikuwa maboksi ya dawa, magodoro mawili na mifuko ya unga. Mbele yetu palikuwa na pikapu nyingine, ya kampuni ile ile na injini ile ile, imebeba mabati. Tofauti yake ilikuwa moja: miguu yake ilikuwa mikubwa. Mwenyewe alikuwa amevua matairi ya kiwandani na kuvalisha matairi mapana na marefu, yale ambayo vijana huyapenda kwa sababu gari huonekana kama simba.

Katika barabara ya tambarare pale Mombo pikapu ile ilituacha bila taabu. Lakini tulipoanza kupanda, kwenye kona za kwanza tu tuliifikia. Kila ilipotoka kwenye kona ilinguruma, ikatoa moshi, ikachelewa kupata mwendo. Dereva wetu hakuwa na haraka. Alibadili gia mapema, akakanyaga mafuta kidogo, na gari likapanda kwa sauti moja.

"Baba, mbona ile kubwa inashindwa?" Sista alimwuliza.

"Haishindwi, Sista," dereva akajibu. "Inachelewa kuchanganya. Wameipa miguu mirefu, lakini hawakuipa difu ya miguu hiyo. Hata hii yetu ilipata ugonjwa huo huo mwaka juzi, kabla wewe hujahamia kwetu."

Ugonjwa huo tutausimulia baadaye. Kwanza tutazame chanzo chake, kwa kuwa vijijini mwetu pikapu zimekuwa nyingi. Pikapu ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo gari la mazao, ndiyo gari la harusi na la mazishi. Tena mara nyingi hununuliwa kwa michango ya watu wengi. Wenye kuchanga wanapaswa kujua wanachokinunua.

GOGO LA KISIMANI

Wasomaji wengi wamekwisha kuona kisima chenye gogo la kuzungushwa kwa mkono. Kamba hujisokota juu ya gogo na ndoo hupanda. Gogo likiwa jembamba, utazungusha mara nyingi, lakini hata mtoto ataweza kuipandisha ndoo. Gogo likiwa nene, ndoo itapanda haraka kwa mizunguko michache, lakini mkono utauma, na pengine hutaweza kabisa. Maji ni yale yale, na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni unene wa gogo.

Tairi la gari ni kama gogo hilo. Injini ndiyo mkono, na gari lenyewe pamoja na mzigo wake ndiyo ndoo. Tairi kubwa ni gogo nene: kila likizunguka mara moja gari huenda mbali zaidi, lakini kila mzunguko unadai nguvu zaidi. Tairi dogo ni gogo jembamba: huenda kidogo kidogo, lakini husukuma kwa wepesi.

Tuchukue saizi mbili ambazo huonekana sana kwenye pikapu. Ya kwanza ni 205R16, ambayo kimo chake ni kama sentimita 74. Ya pili ni 265/75R16, ambayo kimo chake ni kama sentimita 80. Kwa macho tofauti ni sentimita 6 tu, upana wa vidole vitatu au vinne. Lakini hesabu yake ni hii. Gari likiwa na mzigo, tairi hubonyea kidogo, na lile dogo husogea kama mita 2 na sentimita 26 kwa kila mzunguko. Lile kubwa husogea kama mita 2 na sentimita 44. Katika kilomita moja lile dogo huzunguka mara 442, na lile kubwa mara 410. Tofauti ni kama 8 kwa mia.

Kwa hiyo injini ile ile, katika gia ile ile, sasa inasukuma barabara kwa nguvu iliyopungua. Pale ilipokuwa ikitoa nguvu 100, sasa inatoa 93 hivi. Haikuharibika. Imepewa gogo nene.

KWA NINI MLIMANI HUONEKANA ZAIDI

Mtu atasema, "Saba katika mia ni nini? Si kitu." Kwenye tambarare amesema kweli. Lakini mlimani hesabu hugeuka, na hapa ndipo wengi hupotea.

Nguvu ya gari ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kulipa deni la barabara: upepo, msuguano na mlima. Kazi ya pili, kwa nguvu iliyobaki, ni kuongeza mwendo. Deni hulipwa kwanza, na masalio ndiyo humfanya dereva aseme gari linachanganya.

Tuseme katika gia fulani gari lina nguvu 100, na kwenye tambarare deni la barabara ni 20. Masalio ni 80. Ukivalisha matairi makubwa, nguvu inakuwa 93, deni ni 20, masalio ni 73. Umepoteza chini ya sehemu moja katika kumi. Huenda usihisi.

Sasa panda mlima. Deni la barabara limekuwa 80. Kwa matairi ya zamani masalio ni 20. Kwa matairi makubwa masalio ni 13. Umepoteza zaidi ya theluthi moja! Ongeza na mzigo, mpaka deni lifike 90. Masalio yalikuwa 10, sasa ni 3 tu. Gari linatambaa, na dereva hana la kufanya ila kurudi gia ya chini. Ni sawasawa na mkulima ambaye mavuno yake yamepungua magunia saba katika mia. Kama hana deni, atakula. Lakini kama magunia tisini ni ya mdai, watoto wake watabaki na matatu mahali pa kumi.

Kuna jambo jingine tena. Tairi kubwa ni zito, na uzito wake mwingi uko ukingoni. Uzito uliofungwa juu ya bodi unasogezwa mbele tu. Uzito wa ukingoni mwa gurudumu sharti usogezwe mbele na tena uzungushwe. Kwa hiyo wakati wa kuongeza mwendo, kilo moja ya ukingoni huhesabiwa karibu kama kilo mbili za mzigo. Na wakati wa kusimama ni vivyo hivyo: breki zinapaswa kuizuia mara mbili.

DIFU NI NINI

Wakati tukipita kwenye bonde lililobanana, ambamo mto unapiga kelele chini na mawe yananing'inia juu, Sista aliuliza difu ni kitu gani. Wasomaji wamekwisha kuiona. Ni lile bonge la chuma, kama kibuyu, lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna gia mbili kubwa za kutazama. Moja ndogo huitwa pinioni, nayo huzungushwa na propela inayotoka kwenye giaboksi. Nyingine kubwa huitwa krauni, nayo huzungusha magurudumu.

Krauni ikiwa na meno 41 na pinioni meno 10, propela sharti izunguke mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Mafundi huiita difu ya 4.1. Krauni ikiwa na meno 43 na pinioni 10, ni difu ya 4.3. Krauni ya 41 na pinioni ya 9 ni kama 4.56. Kadiri namba hii inavyokuwa kubwa, ndivyo injini inavyozunguka mara nyingi zaidi kwa umbali ule ule, na ndivyo gari linavyosukuma kwa nguvu zaidi. Anayepanda baiskeli anajua jambo hili. Gia ya mbele ikiwa ndogo na ya nyuma kubwa, utapiga pedali mara nyingi, lakini kilima utakipanda umekaa. Zikibadilishwa, tambarare utakimbia, na kilima utakipanda ukisukuma kwa mkono.

Basi tairi na difu ni ndugu wawili wanaobeba mti mmoja. Kiwanda huwachagua pamoja. Ukibadili mmoja, wa pili naye huathirika. Kwa tairi la 205R16 na difu ya 4.1, propela huzunguka kama mara 1,812 kwa kila kilomita. Ukivalisha tairi la 265/75R16 bila kugusa difu, huzunguka mara 1,681 tu. Hapo ndipo nguvu ilipokwenda. Ukitaka kuirudisha, utahitaji difu ya 4.42 hivi. Difu ya 4.3 itakupa mizunguko 1,763, yaani itarudisha sehemu kubwa, ila si yote. Difu ya 4.56 itakupa kama 1,870, yaani itapita kidogo kuliko mwanzo.

Hata hivyo difu fupi haitolewi bure. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Gari lenye difu ya namba kubwa hupanda vizuri, lakini likishuka Mombo na kuingia barabara kuu, injini hulia kwa mizunguko mingi, mafuta huenda, na safari ya Tanga huchosha masikio. Gari la kukaa milimani na gari la kukimbia barabara kuu si gari moja.

UGONJWA WA PIKAPU YA ZAHANATI

Tulipofika Soni tulisimama. Hapo maporomoko ya maji hushuka kando ya barabara, na soko dogo hujaa karoti, kabichi, viazi na matunda ya msimu. Kutoka Soni barabara moja huenda Bumbuli. Karibu na hapo wako Wabenediktini wa Sakharani, wanaolima makadamia na kutengeneza divai. Tulikunywa chai, na dereva akatusimulia ule ugonjwa.

Zahanati iliponunua pikapu, ilikuja na matairi yake ya kiwandani. Yalipokwisha, mjumbe mmoja wa kamati alishauri wanunue makubwa zaidi, ili gari lisikwame matopeni wakati wa masika. Wote wakakubali. Wakati wa masika gari lilipita vizuri zaidi, hilo halikukanwa. Lakini mambo mawili yalitokea.

La kwanza, safari za wagonjwa zilirefuka. Usiku mmoja walimbeba mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, pamoja na ndugu zake wanne. Kwenye mlima mkali wa udongo gari lilikata pumzi katika gia ya pili, dereva akalazimika kusimama na kuondoka upya kwa gia ya kwanza, klachi ikanuka moshi. Mungu alisaidia, mtoto alizaliwa hospitalini, naye mama ni mzima. Lakini dereva hakulala usiku ule.

La pili lilimuumiza zaidi. Zahanati huandika kilomita na lita za mafuta katika daftari. Mweka hazina aliona mafuta yameanza kuzidi. Mwezi wa kwanza alinyamaza. Mwezi wa pili akauliza. Mwezi wa tatu watu walikuwa wakinong'ona hata mlangoni pa kanisa kwamba dereva anauza dizeli.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja katika kazi ile," alituambia. "Mke wangu aliacha kwenda kwenye jumuiya kwa sababu ya aibu."

Aliyemwokoa alikuwa fundi mmoja mzee. Alichukua chaki, akaweka alama kwenye tairi na alama nyingine chini. Akawaambia vijana wasukume gari polepole mpaka alama ya tairi irudi chini, akapima kwa futi ya kamba. Kisha akalitafuta tairi kuukuu la kwanza, akalifunga, akapima tena. Akamwita mweka hazina mbele ya kamati.

Maelezo yake yalikuwa haya. Mita ya kilomita haioni barabara. Inahesabu mizunguko tu, na kiwanda kiliifundisha kuhesabu kwa tairi dogo. Tairi kubwa likienda kilomita 1,000 za kweli, mita huandika 926 hivi. Gari likitumia lita 12 kwa kilomita 100, safari hiyo imekula lita 120. Lakini mweka hazina akitazama daftari anaona kilomita 926, ambazo zilipasa kula lita 111 tu. Lita 9 hazipo! Hakuna aliyeziiba. Ziliyeyuka katika hesabu. Ongeza na mafuta ya kweli yanayozidi kwa sababu ya uzito wa matairi na gia za chini, na upungufu unakuwa mkubwa zaidi.

Mweka hazina alikuwa mtu mwadilifu. Alisimama siku ile ile akamwomba dereva radhi, na Jumapili iliyofuata alisema mbele ya watu baada ya Misa kwamba dereva hana kosa. Kamati ikauza matairi makubwa na kurudisha saizi ya kiwanda. Kwa ajili ya masika walinunua minyororo ya magurudumu na koleo, gharama ndogo kuliko tairi moja.

Wasomaji, tusiipite habari hii upesi. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani yetu uongo, na kunong'ona juu ya mtu kwa hesabu ambayo hatukuipima ni njia fupi ya kuivunja. Hapa kipimo cha chaki na kamba kilitosha kurudisha jina la mtu na amani ya nyumba yake.

FAIDA YA TAIRI KUBWA

Haki yake nayo tuiseme. Tairi kubwa si baya. Hupita juu ya mawe na mashimo kwa ulaini, na huinua tumbo la gari. Lakini hata hapa watu hujidanganya. Ukiongeza kimo cha tairi sentimita 6, difu inainuka sentimita 3 tu, kwa sababu nusu ya nyongeza iko juu ya ekseli na nusu iko chini.

Anayehitaji kweli tairi kubwa, kwa mfano anayekaa mwisho wa barabara mbovu na hana haja ya kukimbia, na abadili difu pia. Na kama pikapu inavuta kwa magurudumu manne, ajue kwamba ina difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Zote mbili lazima ziwe na hesabu moja. Ukibadili ya nyuma peke yake, siku utakayoingiza gia ya magurudumu manne, ekseli za mbele na nyuma zitashindana, na kitu kitavunjika.

Wengine husema, "Tutatumia gia nzito ya magurudumu manne." Hiyo ni dawa ya matope na mawe. Kwenye lami kavu ya Mombo haifai. Pikapu nyingi hazina kitu cha kuzipa ekseli za mbele na nyuma nafasi ya kupishana kwenye kona, na lami kavu hairuhusu tairi kuteleza. Utavunja gia kwa kutafuta nguvu.

KUTEREMKA NI KUZITO KULIKO KUPANDA

Baada ya Soni barabara huendelea kupanda, hewa inapoa, mikalitusi inaanza, na nyumba za udongo mwekundu zinaonekana kwenye matuta ya mboga. Mwishowe unaingia Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Si mbali na mji iko misioni ya Gare, iliyoanzishwa na Watrapisti mwaka 1897. Wale wamonaki hawakuwa na pikapu. Mizigo ilipanda milima hii kwa mabega ya watu, na nguvu ya mtu ndiyo iliyokuwa kipimo. Aliyebeba alijua mara moja mzigo ukizidi. Sisi tuliokalia viti hatujui, mpaka gari lituambie.

Na gari husema kwa ukali zaidi wakati wa kuteremka. Pikapu zinazoshuka kutoka Lushoto hubeba kabichi, nyanya na viazi, mara nyingi kupita kiasi. Kupanda ukikosa nguvu, utasimama. Kuteremka ukikosa breki, hutasimama. Kwa hiyo wazee wa udereva husema: gia uliyopandia ndiyo gia ya kuteremkia. Injini iliyo katika gia ya chini hulizuia gari kama mtu anayemshika ng'ombe kwa kamba.

Sasa kumbukeni lile gogo. Tairi kubwa, kama lilivyopunguza nguvu ya kusukuma, ndivyo linavyopunguza nguvu ya kuzuia. Injini huzuia kidogo zaidi, na breki nazo zinapambana na mkono mrefu zaidi. Tena mita ya mwendo inamdanganya dereva: akiona 80, kwa kweli anakwenda 86. Breki zilizotengenezwa kwa ajili ya tairi dogo huchemka upesi, na breki iliyochemka hukanyagwa bila kushika. Mwenye tairi kubwa ajilazimishe kushuka gia moja chini kuliko zamani, na mzigo apunguze.

Madereva wengi huning'iniza medali ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri. Ni desturi njema, na tumwombe kila safari. Lakini asiyetazama breki zake kisha akamwachia mtakatifu kazi yote, huyo anamjaribu Mungu.

SHAURI KWA KAMATI NA WENYE MAGARI

Kwanza, kabla ya kununua matairi, someni maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi la kiwandani, na kibandiko kilicho mlangoni mwa dereva. Nunueni saizi ile ile, isipokuwa mna sababu kubwa.

Pili, mkinunua pikapu iliyokwisha kutumika, mwulizeni fundi mnayemwamini aitazame difu na kuhesabu meno. Huenda mwenye kwanza aliishi tambarare na ninyi mnaishi mlimani. Gari jema la Korogwe laweza kuwa gari baya la Mtae.

Tatu, mkibadili saizi ya tairi, pimeni kwa chaki na kamba siku ile ile, mkaandike hesabu mpya ndani ya daftari la mafuta. Hapo dereva na mweka hazina watabaki ndugu.

Nne, gari likianza kuwa zito, msikimbilie kulaumu injini wala dereva. Tazameni upepo wa matairi, breki zinazobana, chujio la hewa lililojaa vumbi, kisha saizi ya tairi. Mara nyingi ugonjwa uko mahali pa kuonekana.

Tano, mzigo. Hakuna difu inayoweza kuusamehe mzigo uliozidi. Magunia mawili yaliyoachwa Soni yatafuatwa kesho, na wote watakuwapo kesho kuyafuata.